Saa chache za Lisbon

Tumetua Lisbon asubuhi, kesho alfajiri tunaondoka tena.

Wenzangu wamefunga mapazia, wamelala. Mimi nimejimwagia maji, nikavaa raba, huyooo mjini.

Kazi hii ya uhudumu wa ndege watu wanaiona kwenye picha tu. Miguu iliyovimba baada ya kusimama usiku kucha haipigwi picha 😅 Ndiyo maana siku hizi sikimbizani na miji. Nachagua sehemu moja, basi.

Leo ilikuwa Carmo, kanisa la watawa lililoanza kujengwa 1389.

Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliangusha paa lake, na mpaka leo halijarudishwa. Unaingia ndani, unainua macho: matao ya mawe yamesimama yenyewe, na katikati yake ni anga tupu.

Basi nikiwa nimekodoa macho hivyo, ndege ikakatiza kati ya tao na tao. Chini kabisa, imeshateremsha magurudumu.

Nikajua humo ndani wahudumu wameshaketi, mikanda imefungwa, tabasamu limewekwa kando kidogo. Nilitamani kuwapungia mkono. Nikawapungia kweli! Mzee mmoja pembeni akanitazama, naye akapunga.

Haya, wa kazi hii na mnaopita miji kwa saa chache: mnalala kwanza au mnatoka kwanza?

Safari ijayo ni Istanbul, usiku mmoja. Nitajieni sehemu moja tu, jamani, siyo kumi.