Moto wa Diwali na kitabu cha 2076

Mdogo wangu ameanza kazi kwa Mhindi, kwenye duka la dawa, na tayari amealikwa Diwali, sikukuu yao ya taa. Jana usiku akanipigia mimi kaka yake: "Yaya, kule hekaluni mtu anafanya nini? Na wakinitazama?" Nikacheka peke yangu kama mtu mzima anayejua mambo. Kumbe hilohilo ndilo lililoninyima usingizi mwaka 2019.

Mwaka ule Diwali iliangukia Jumapili, tarehe 27 Oktoba. Asubuhi nimeimba kwaya, jioni nimesimama nje ya geti la hekalu la Wahindi, maua ya jakaranda yamejaa chini, shati limenigandia mgongoni. Patroni, Mhindi ninayemfanyia uhasibu dukani, alikuwa ameshafunga mjadala tangu Ijumaa: "Papa Comptable, vitabu vyangu vya hesabu unaandika wewe. Siku vinabarikiwa utakosaje?"

Ningependa kusema niliogopa miungu yao. Kanisani ingenipa heshima kidogo. Niliogopa watu. Wenye maduka wote tunaodaiana nao mjini wangekuwa mle, na mimi mgeni peke yangu, nisiyejua saa ya kusimama wala saa ya kukaa. Ni ugonjwa wangu wa zamani. Hata harusi ya ndugu nafika nimechelewa makusudi, nipate kiti cha nyuma.

Mlangoni viatu vimerundikana: makubazi, raba za watoto, visigino vya akina mama. Vyangu nikaviweka kando, karibu na ukuta, nikihitaji kutoka nitoke. (Mdogo wangu, soksi zisiwe na tundu.) Juu ya mlango inaning'inia kengele ya shaba, na kila anayeingia anaigonga. Mimi niliigusa kwa kidole, haikulia. Mtoto aliyekuwa nyuma yangu akaigonga kwa niaba yetu wawili.

Mbele kabisa, sanamu za miungu yao: Ganesh na kichwa chake cha tembo, Lakshmi wa utajiri kando yake, na miguuni pao vitabu vya hesabu vyenye majalada mekundu. Nikakitambua cha kwetu. Kuhani alikuwa akichora kwa unga mwekundu, kwenye ukurasa wa kwanza, ule msalaba wa mikono iliyopinda. Shuleni tuliambiwa ni wa Hitler. Wahindi walikuwa nao karne nyingi kabla yake.

Halafu ikaja sinia ya moto.

Aliyeibeba ni mama mzazi wa patroni, bibi ambaye dukani hakuwahi kuniambia neno zaidi ya "chai". Alipita mtu kwa mtu. Kila mmoja alipitisha viganja juu ya utambi, akavipeleka machoni, basi. Nilikodoa macho nipate kuiga, lakini wa kwanza alianza na mikono miwili, wa pili akagusa paji la uso, wa tatu akaweka pesa. Nifuate yupi? Bibi akasimama mbele yangu. Harufu ya samli na kafuri ilinijaa puani. Nikanyoosha mikono juu ya moto nikaiacha pale, kama mlinzi wa usiku kwenye jiko la makaa.

Akaningoja. Kisha, kwa Kiswahili cha hapahapa Lubumbashi: "Hakuna baridi, mwanangu. Sasa macho."

Watu wakacheka, patroni zaidi ya wote. Nami nikacheka, mikono machoni. Kuchekwa ndiko nilikokuwa nakukimbia miaka yote, na sasa kumekuja, na bado nimesimama.

Baadaye akaniwekea tamutamu kiganjani, mkono wa kulia, imetoka mbele ya sanamu. Nikakumbuka sura ya 8 ya Wakorintho wa Kwanza: Paulo anasema sanamu si kitu, ila umwangalie ndugu aliye dhaifu asije akakwazika. Nikatazama kulia na kushoto. Wa kwaya yetu hakuwapo hata mmoja. Nikala. Ilikuwa na iliki.

Kama woga uliisha siku ile, mimi sijui. Harusini bado nachelewa.

Jumatatu ilikuwa mwaka mpya wao, duka limefungwa. Jumanne patroni akanikabidhi kitabu, juu kimeandikwa 2076, kwa hesabu yao ya miaka. Chini ya alama nyekundu nikaandika mstari wa kwanza: saruji, kwa mkopo. Mwenye deni lile mpaka leo hajalipa.