Mpiga Besi wa Isevya

Simu iliingia saa tatu usiku. Ilikuwa mwaka 2018, niko chumbani kwangu Mwanga, Kigoma, umeme umekatika na kompyuta imebaki na chaji kidogo. Namba siijui, sauti ni ya binti, na wala hakuzunguka.

"Samahani kaka. Wewe ndiye uliyeandika habari za bendi ya babu yangu? Namba yako nimepewa ofisini kwenu Dar. Babu anauliza mazishi yake yalikuwa lini."

Nilifungua ule ukurasa kwenye simu, mikono inatetemeka. Mstari ulikuwepo, na niliuandika mwenyewe: *Wanamuziki wote wa bendi hii wameshatangulia mbele ya haki.*

Nilikuwa na mwaka wa pili nikiiandikia kampuni moja iliyokuwa ikiingiza mtandaoni nyimbo za zamani za dansi. Wananitumia orodha, nami naandika wasifu wa bendi, maelezo ya kila wimbo, na yale maneno machache yanayotokea chini ya kichwa mtu akitafuta Google, ambayo hayatakiwi kuzidi herufi 160 hivi. Malipo ni kwa ukurasa. Kila ukurasa una neno lake la utafutaji ambalo lazima likae kwenye kichwa na lirudi kwenye aya ya kwanza. Niliipenda kazi ile na naipenda mpaka leo. Nimelelewa na redio ya baba iliyokuwa juu ya kabati, na kulipwa ili nisikilize muziki ule kisha niuelezee kwa Kiswahili kilichonyooka niliona ni bahati.

Shida ni kwamba habari zenyewe ni chache mno. Ukiishika santuri ya miaka ile mkononi, ile lebo ya katikati ina jina la wimbo, jina la bendi, na jina la mtunzi. Basi. Nyingi zilitolewa Nairobi, kwa kuwa kwetu hakukuwa na kiwanda cha santuri, na huko kiwandani hakuna aliyeona haja ya kuandika nani alipiga gitaa la ridhimu na nani alikaa kwenye tumba. Kwa hiyo niliingia mtandaoni, nikakuta kurasa tatu zikisema kwamba bendi ile ya Tabora imekwisha yote. Tatu nikaona ni ushahidi wa kutosha. Usiku ule baada ya simu nilizisoma tena kwa utulivu, nikaona hata kosa la herufi kwenye jina la mtaa ni lilelile katika zote. Mtu mmoja aliandika, wawili wakanakili, na mimi nikawa wa nne.

Kumpigia mzee simu na kumwomba radhi niliona haitoshi. Siku ya treni nilikata tiketi ya daraja la tatu, nikabeba dagaa kilo mbili, maana huendi kwa mzee wa watu mikono mitupu ukitokea Kigoma. Sikulala. Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo, kila stesheni akina mama wanapandisha beseni madirishani na mimi napanga maneno ya kumwambia. Kulipoanza kupambazuka ile miembe mikubwa ya Tabora ikaanza kuonekana, na bado sina sentensi hata moja.

Tabora kwa mwandishi wa dansi si mji wa kupita tu. Ndiko walikotoka Kiko Kids ya Salim Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz wenye mtindo wao wa Segere Matata. Shem Karenga naye alitoka kwetu Kigoma akaja kuimba na hao Tabora Jazz. Mimi nilikuwa nimeuandika mji huo mara sita au saba bila kuukanyaga.

Binti alinipokea stesheni, tukaenda Isevya. Mzee alikuwa chini ya mwembe kwenye kiti cha kamba, mkongojo umelala mapajani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenizika?"

Nilipiga magoti, nikasema yaliyonijia: nilikosea, sikuuliza, nimekuja kuomba radhi. Akaniacha nimalize. Kisha akamwambia mjukuu alete uji, na mimi akaniagiza niuweke ule wimbo wao nilioueleza kwenye ukurasa.

Nikauweka kwenye simu, nikaisogeza karibu na sikio lake. Kinanda kilipoingia, vidole vinne vya mkono wake wa kushoto vilianza kutembea juu ya mkongojo. Vilikuwa vimepinda kwa uzee, kidole cha pete hakinyooki kabisa, lakini kila besi ilipohama na chenyewe kilihama, hakikuchelewa hata mara moja. Ubeti wa kwanza vilikwenda taratibu, nyuma ya mwimbaji. Ulipofika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho inayochangamka, vikabadilika ghafla. "Hapa namwacha mwimbaji," akasema, "namshika mtu wa gitaa la solo, namsukuma." Nilikuwa nimeuandika wimbo ule maneno 150, na besi sikuitaja hata kwa neno moja.

Dakika ya tatu akainua mkono. "Rudisha. Umesikia?" Sikusikia. Akanirudishisha mara mbili. Mara ya tatu nikaisikia: tumba inakosa pigo moja, kama mtu aliyekanyaga hewa kwenye ngazi, kisha inarudi. Akanieleza kwamba walirekodi Dar es Salaam, Radio Tanzania, wote ndani ya chumba kimoja na kwa mpigo mmoja, hivyo akikosea mmoja mnarudia wote toka mwanzo. Walikuwa wameshaurudia mara nne, mpiga tumba ana homa na anatoka jasho mpaka kwenye ngozi ya ngoma. Kiongozi akasema huu huu, twendeni nao. Kwenye ukurasa wangu nilisifu tumba "inayotiririka bila kukatika".

Nikatoa daftari. Nikamwambia nitalifuta lile neno leo hii na kuandika kwamba yuko hai, na jina lake litakaa juu kabisa.

"Mimi kunifufua ni kazi ndogo, nipo," akasema. "Waandike hao wengine. Wenyewe kweli wamekufa, na hakuna mahali walipoandikwa."

Akanitajia majina saba, kila mmoja na chombo chake. Kila jina nililiandika, nikamsomea, akalisahihisha, kisha akatikisa kichwa twende linalofuata. Ilichukua karibu asubuhi nzima, kwa sababu kila mmoja alikuja na habari zake: huyu alikuwa fundi cherehani, huyu alifanya kazi reli, huyu wa saksafoni alikufa kijana na mama yake akakizika chombo naye. Nilijaza kurasa kumi na moja.

Mhariri wangu hakufurahi. Aliniambia kwa simu, nikiwa bado Tabora, kwamba ukurasa umezidi urefu na kwamba majina yale hakuna anayeyatafuta. Nikamjibu kwamba yatatafutwaje wakati hayajaandikwa popote. Tulibishana siku mbili. Mwisho nilimkumbusha kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimtambui mtunzi peke yake, inamtambua na mtumbuizaji, na sisi tunauza sauti za watu ambao hata majina yao tumeshindwa kuyaweka. Nilisema kwa hasira kuliko nilivyozoea kusema na mtu anayenilipa. Akanyamaza, kisha akasema niyaweke chini ya wimbo, chombo na jina, bila hadithi. Hadithi zimebaki kwenye daftari, ninalo.

Ukurasa mpya uliwekwa Ijumaa, nimeshafika Kigoma. Jioni nikampigia binti, nikamwomba amsomee babu wakati mimi nasikiliza. Akasoma polepole: solo, fulani. Ridhimu, fulani. Besi, akataja jina la babu yake, na mzee hakusema kitu. Alipofika kwenye tumba nikasikia kiti kikilia.

"Hapo hapajakaa sawa," mzee akasema. "Huyo tulimwita kwa jina la baba yake pia, siku zote, yote mawili pamoja. Mwambie aongeze."

Akanitajia, herufi kwa herufi. Nikafungua kompyuta, nikaongeza.