Fidla zisizomsubiri mtu

Jumamosi, usiku

Tangu jioni sijasikiliza kitu kingine ila Focus, albamu ya mpiga saksafoni wa jazz Stan Getz. Albamu nyingi za saksafoni na okestra zimenichosha, kwa sababu fidla hutandikwa chini kama zulia ili nyota apite juu yake. Hata zile rekodi za Charlie Parker na fidla za 1949 na 1950, ambazo nazipenda kwa dhati, nazipenda kwa ajili ya Parker. Mtoe yeye, sidhani kama ningezitafuta.

Humu mambo ni mengine kabisa. Eddie Sauter, ambaye zamani aliiandikia bendi ya Benny Goodman, alitunga muziki wa ala za nyuzi unaojitosheleza, wenye hoja zake na ubishi wake. Kisha hakumwandikia Getz sehemu ya kupiga. Getz alirekodi New York mwaka 1961 akiwa na saksafoni yake ya tenori na masikio yake, basi. Ilikuwa juu yake kutafuta pa kuingilia, papo hapo, ndani ya muziki ambao ungeweza kuendelea bila yeye.

Kibao cha kwanza, "I'm Late, I'm Late", ndicho kinachonishika zaidi. Fidla zinakuja mbio, zina wasiwasi, zinakatizana kauli. Anayeijua Music for Strings, Percussion and Celesta ya mtunzi Béla Bartók atatambua mara moja Sauter alichota wapi. Roy Haynes yupo kwenye ngoma, anachochea kwa brashi, na baada ya kibao hicho humsikii tena. Lakini utamu wenyewe uko hapa: kilirekodiwa mara mbili, na rekodi zote mbili zikaunganishwa kuwa kibao kimoja cha dakika 8 hivi. Yaani unazisikia fidla zikisema maneno yale yale kwa mara ya pili, huku Getz akizijibu upya. Ni nadra sana kupewa nafasi hiyo, ya kumsikia mtu akiwaza mara mbili juu ya jambo lile lile. Nimekuwa nikirudisha nyuma na kulinganisha, na kila nikilinganisha naona wazi kwamba hakuwa na misemo aliyoikariri. Alikuwa anasikiliza. Pale fidla zinapombana ndipo anapopata la kusema.

"Her" ni ya taratibu, na hapo ndipo sauti yake ile laini, yenye pumzi nyingi, inapouridhisha moyo. "Once Upon a Time" hainigusi kiasi hicho, ingawa siiruki.

Mwaka 1962 ikatoka Jazz Samba, aliyopiga na mpiga gitaa Charlie Byrd, na bossa nova, muziki huo wenye asili ya Brazili, ikampa umaarufu mkubwa, na mpaka leo wengi wanamjua kwa huo. Sina ugomvi nao, ni muziki mzuri. Inaniuma tu kwamba Getz mwenyewe aliitaja Focus kuwa kazi aliyoipenda kuliko zote, na bado nakutana na wapenzi wake wa miaka mingi ambao hawajawahi kuisikia. Nikikutana nao huwa siwaelezi sana. Nawawekea kibao cha kwanza na kuwaomba wazifuate fidla kabla ya kumfuata Getz.

Kesho nataka kuirudia "Night Rider" kwa kufuata chelo peke yake.