Ungeniandikia kwanza

Jumatano jioni nilimpigia Wa Kwanza. Sikuwa na la maana. Nilikuwa naanua nguo, nikakumbuka kicheko chake, basi. Akapokea kabla haijaita mara mbili, sauti imeshuka: "Shikamoo mama. Kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, nakujulia hali tu. Kimya. Halafu: "Mama, ungeniandikia kwanza."

Leo Jumamosi, bado naisikia. Nimefika mahali pa kujiuliza kama alisema *ungeniandikia* au *uwe unaniandikia*. Ungeniandikia ni ya siku hiyo tu, labda alikuwa kikaoni. Uwe unaniandikia ni sheria. Mtoto niliyembeba mgongoni ananitaka nipige hodi!

Sisi tulioanza na ujumbe wa herufi 160, tukikata hata salamu usije ukahesabiwa ujumbe wa pili, kuandika kulikuwa kwa mtu wa haraka haraka. Unayempenda unampigia, asikie unavyopumua. Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Simu mimi niliihesabu robo tatu.

Wiki hiihii mdogo wangu ametoka hospitali na barua yangu ya kustaafu imefika, na mimi nimekaa nachambua viambishi.

Alhamisi nikamwandikia, kwa kisirani, nakiri: "Naomba ruhusa ya kupiga." Hata sijaiweka simu chini, ikaita. Yeye, anacheka mpaka anakohoa. Nami nikacheka, ingawa nilikuwa nimepanga kununa. Kisha akasema, taratibu, "Mama, ukinipigia ghafla mikono inakufa ganzi. Siku ile ya baba ulipiga hivyohivyo. Ukaanza na 'hujambo mwanangu'."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Sasa nakumbuka nilivyojiandaa pale kwenye korido: nisalimie kwanza, niulize kama amekaa, nisilie. Niliona nafanya vizuri. Na tangu siku hiyo, miaka sita, kila nikimpigia naanza na hujambo mwanangu, sauti ileile, maana sina nyingine.

Sikujua nijibu nini. Nikamuuliza kama lile kohozi limepungua. Akasema limepungua.

Tumekubaliana niwe natanguliza maneno mawili, "hakuna kitu", ndipo nipige. Jana usiku nikayatuma. Akajibu kwa kidole gumba. Kidole tu! Nimekiangalia muda mrefu nisijue kinasema piga, au kinasema nimeshukuru, tulale. Nikalala.

Halafu goti la kushoto limeanza tena kulia nikipanda ngazi, na nilishawaambia humu kwamba limepona.