Baba na injini ya Cass

Baba alistaafia karakana ya reli Tabora, kwa hiyo alipokuja Marekani kunitembelea, makumbusho nilizompeleka zote alizipita akipiga miayo. Nikaona bora Cass.

Ni kijiji kidogo kwenye milima ya West Virginia. Kampuni ya karatasi iliweka reli pale kuanzia 1901 ili kushusha magogo ya misprusi. Kazi ilifungwa 1960, na 1963 jimbo likaanza kupandisha watalii kwa injini zilezile. Hata mabehewa ni yaleyale ya magogo, yametiwa mabenchi na paa. Hayana vioo. Mama alikuwa amevaa nguo nyeupe, jamani, na masizi ya makaa ya mawe hayana adabu.

Watu waligombea viti vya upande wenye mandhari. Baba akaenda ubavu wa kulia wa injini, akachuchumaa. Ilikuwa injini ya mvuke aina ya Shay, Namba 5, iliyoundwa Lima, Ohio, mwaka 1905. Silinda zake tatu zimesimama wima upande huo mmoja, zinazungusha mtaimbo mrefu unaopita nje ya magurudumu, na gia za mtaimbo huo zinazungusha magurudumu yote, hadi ya chini ya tangi la maji. Ndiyo maana inaweza mwinuko unaofika asilimia 11.

"Za kwetu hapa zingeteleza zikilia," akasema.

Injini ilitusukuma kutoka nyuma. Ukifumba macho utadhani tunakimbia. Ukifumbua, mtu angeweza kutembea kando yetu akila karanga. Palipokuwa pakali mno treni ilisimama, njia ikabadilishwa, tukapanda kinyumenyume.

Kileleni Bald Knob, mita 1,476, kila mtu alipiga picha. Mama alitaka kumpigia shangazi, simu ikagoma: bondeni pale Green Bank kuna darubini kubwa ya redio, na mawimbi yamebanwa eneo zima. Baba aliipa mandhari mgongo. Alinifanya mkalimani kwa kijana wa makaa: maji mnajaza wapi, mabomba ya boila anasafisha nani? Kijana akafurahi, akafungua mlango wa tanuri.

Baba aliinama, akatazama kitambo.

"Mwambie moto wake mwembamba pembe ya nyuma."

Niliona aibu, lakini nikatafsiri. Kijana alichungulia, akacheka, akachukua koleo, akaitupia makaa pembe ile.

"Sasa sawa," Baba akasema.