Jina Langu Katika Daftari la Viboko

Mkuu wetu wa shule amezikwa mwezi uliopita kijijini kwake, upande wa Njombe, asubuhi ya mvua ambayo udongo wake mwekundu ulinisindikiza kwenye viatu mpaka nyumbani. Sitamtaja jina, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kutajwa na familia yake haijaniomba niandike. Waliosoma pale katika miaka ya themanini watamtambua kabla sijafika mbali.

Nilifika Mufindi Januari 1983 nikitokea Kondoa, kwa mabasi mawili na lori moja, kupitia Dodoma na Mtera, nikiwa na sanduku la bati, shuka mbili na barua ya kuitwa shuleni. Siku hizo serikali ilipenda kumpeleka mtoto mbali na kwao, ili Mrangi alale kitanda cha juu na Mnyakyusa cha chini, na kwa hilo sina malalamiko, ila hakuna aliyetuambia sisi wa Kondoa kwamba Mufindi ya mwezi Juni huamka na ukungu, na kwamba shuka mbili kule ni sawa na kulala uchi. Mkuu alikuwa na desturi ya kupita mabwenini usiku wa kwanza wa muhula, kandili mkono mmoja na daftari mkono mwingine, akimwuliza kila mgeni jina lake, kijiji chake na alichokuja nacho cha kujifunikia. Hakutoa hotuba, aliandika, akaenda zake. Siku ya tatu niliitwa stoo nikapewa blanketi la kijivu lenye tundu pembeni, na karani akanitaka nitie saini kwamba nitalirudisha siku ya kumaliza kidato cha nne. Nililirudisha mwishoni mwa 1986, tundu likiwa limekua kuliko mimi.

Ulikuwa mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, sabuni ikipatikana kwa foleni, na uji wetu wa asubuhi mara nyingi haukuonja sukari. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa 1967, katika shule nyingi ilikuwa imefikia hatua ya wanafunzi kulima na walimu kusimama kivulini. Kwetu Mkuu alikuja shambani na jembe lake mwenyewe, akapimiwa ngwe kama sisi, na hakuondoka kabla hajaimaliza. Wapishi alikuwa akiwaamkia yeye kwanza, "Kamwene", na waliokuwa wakubwa kwake aliwapa shikamoo yao mbele yetu bila kuona kwamba amepungukiwa na kitu.

Lakini jambo lililonifanya nisafiri siku nzima kwenda kumzika lilitokea wiki chache baada ya kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, mwaka 1984, na lilihusu karabai.

Chumba cha kujisomea cha kidato cha pili kilikuwa na karabai moja, na juma lile mimi ndiye niliyekuwa na zamu ya kuipiga pampu, kuiwasha na kuizima. Usiku mmoja niliizima saa nne, nikaiacha juu ya meza ya mbele kama ilivyo kawaida, asubuhi haikuwapo. Kiranja akasema, na alisema kweli, kwamba mtu wa mwisho kutoka chumbani nilikuwa mimi. Mkuu aliniuliza mara mbili ilikokwenda, nami nikamjibu mara mbili kwamba niliiacha mezani, ila nilikuwa nikitetemeka vibaya mno, na nadhani alikuwa amewaona wezi wengi wanaotetemeka. Alinichapa vinne mbele ya makamu wake, kisha akafungua daftari la viboko, ambalo kwa mujibu wa kanuni kila shule ilipaswa kuwa nalo, akajaza safu zake: tarehe, jina, kosa, idadi, aliyetoa adhabu. Nililiona neno "wizi" likiandikwa kwa mwandiko wake ule mzuri wa kulala. Viboko vilipoa jioni ile ile, lakini lile neno halikupoa.

Siku ya nne mwalimu aliyekuwa wa zamu alirudi kutoka Iringa, alikokuwa amekwenda kufuata mishahara ya wenzake, akashangaa kusikia habari za wizi. Usiku ule mkunga wa zahanati ya kijiji alikuja kumgongea kwa sababu mama mmoja alikuwa katika uchungu na taa yao imekwisha mafuta. Akachukua karabai yetu, akampa, na alfajiri akapanda gari bila kumwambia mtu. Mtoto alizaliwa salama. Karabai ikarudishwa na kijana wa zahanati, imefutwa vumbi na kujazwa mafuta.

Mkuu aliniita ofisini alasiri ile. Nilisimama mbele ya meza, naye, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akasimama pia. Alifungua daftari kwenye ukurasa ule, akachukua kalamu nyekundu, na pembeni mwa jina langu akaandika: "Hakuwa na kosa. Kosa ni langu." Akatia tarehe na saini, kisha akaligeuza daftari lote linielekee ili nisome, akaningoja nimalize. Alinieleza kwamba mkaguzi wa shule akija atalisoma, na kwamba neno lililoandikwa haliwezi kufutwa kwa neno lililosemwa tu. Asubuhi iliyofuata, mstarini, baada ya wimbo wa Taifa na kabla ya matangazo, aliita majina yangu yote matatu, akaieleza shule nzima kisa chote pamoja na idadi ya viboko, akaniomba msamaha. Nilijibu, "Nimekusamehe, Mwalimu," kwa sauti ambayo nadhani haikufika safu ya tatu. Baadhi ya walimu walikasirika kweli kweli, wakisema ameishusha heshima ya kazi mbele ya watoto, na mmoja wao hakunisemesha mpaka muhula ukaisha, kana kwamba ni mimi niliyemwagiza Mkuu.

Tulipojua kwamba karo itarudishwa katika sekondari za serikali mwaka 1985, baada ya miaka ipatayo 20 ya kusoma bure, alituita mmoja mmoja na kutuuliza nyumbani kunauzwa nini. Sisi ambao nyumbani hakukuuzwa kitu tulibaki shuleni likizo ya Desemba, tukaenda kuchuma chai kwenye mashamba ya Mufindi, majani mawili na kichipukizi chake, kwa malipo ya kilo. Yeye naye hakwenda likizo. Kila jioni alipima vidole vyetu kwa macho kuona nani amepasuka, na fedha zilipoingia kwa mhasibu alihakikisha kila mmoja anapewa stakabadhi yenye jina lake, si ya "wanafunzi wenye shida".

Hakuwa malaika, na angenisahihisha kama ningeandika hivyo. Wavulana wawili walikutwa wamekunywa ulanzi, pombe ya mianzi, akawafukuza shule wiki tatu kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Nilimwambia nikiwa mtu mzima kwamba pale alikosea, akanyamaza muda mrefu, akabadilisha mazungumzo. Nilipoanza kufundisha tuliandikiana barua, naye alizirudisha barua zangu zikiwa zimesahihishwa kwa wino ule ule mwekundu. Kila nilipoandika "hivyo basi" aliikata "basi". Nimeiacha kabisa, kama msomaji anavyoona.

Leo mimi ni mkuu wa shule, na ninalo daftari langu. Kanuni za 2002 zilishusha kiwango cha juu kuwa viboko vinne, na mimi siandiki hata hivyo vinne kwa urahisi. Kabla ya kujaza safu ya "kosa" huwa namwacha mtoto akae nje kwenye benchi, nami nakwenda kumtafuta mwalimu wa zamu popote alipo. Pembeni mwa ukurasa nimeandika kwa wino mwekundu mara mbili katika miaka 11. Mara zote mbili niliyasema mstarini, na mara zote mbili magoti yalinigonga.

Baada ya mazishi nilipitia shuleni. Mkuu wa sasa ni kijana, alinipa shikamoo, akanifungulia chumba cha nyaraka za zamani nyuma ya maktaba. Nilipekua kwa saa nzima. Daftari linaloishia 1982 lipo, na linaloanza 1987 lipo. La katikati mchwa wamelila, yamebaki majalada na uzi wa kushonea. Nilimrudishia ufunguo, tukanywa chai, nikawahi basi la Dodoma.