Kadi ya njano kwanza, begi baadaye

Leo mchana hapa Moshi vijana wanaojiandaa kwenda Ghana kujitolea kujenga madarasa wamechanjwa homa ya manjano.

Ghana huingii bila kadi ya njano, yaani cheti cha kimataifa cha chanjo hiyo.

Na kadi haianzi kazi siku ile ile. Inatambulika siku 10 baada ya chanjo. Ukichanjwa Jumatatu na ndege ni Ijumaa, umekwama. Habari njema ni kwamba tangu 2016 chanjo moja inatambulika maisha yako yote.

Jamani, kabla hujatoka kwenye chumba cha sindano, soma kadi yako mstari kwa mstari. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Tarehe. Namba ya chanjo iliyotumika. Sahihi. Muhuri.

Leo kadi moja ilikuwa imejazwa vizuri kabisa, wino bado mbichi, ila pa muhuri pakawa peupe. Bila muhuri hiyo ni karatasi tu.

Mwenye mzio mkali wa mayai amwambie muuguzi kabla ya sindano.

Na buti za kwendea kazini: za mtumba pale soko la Memorial zipo nzuri, ila bonyeza soli kwa kidole gumba. Soli ya povu huoza hata buti likikaa kabatini. Ikimeguka kama mkate mkavu, rudisha. Iliyo nzima, ivae utembee nayo wiki kadhaa kabla ya safari, na soksi zile zile utakazosafiri nazo.

Mliowahi kwenda kujitolea ng'ambo, nini kiliwakwamisha uwanja wa ndege? Waandikieni vijana hawa hapa, wanasoma.